Uko Kwa Grupu ya Mafans? Namba Yako Iko Nje

Mtu anatupa linki ya mafans wa Gor ama Arsenal, unabonyeza, na pap! uko grupu ya WhatsApp na mamia ya watu hujawahi kuona. Stori zinabamba, sawa. Lakini kila mmoja hapo anaona namba yako, na hii Kenya namba si namba tu. Jamaa anajifanya anakutumia mbao kwa M-Pesa, jina lako linatokea kabla pesa itoke, anakatiza. Ile jina ya utani uliweka kwa profaili imekuficha wapi? Dem anacomment kuhusu mechi, baadaye msee hamjui yuko inboksi akimwita na jina la kitambulisho.

Kufunga grupu si jibu. Linki ikiwa wazi, hata fan mgeni asiyejua mtu anakaribishwa. Telegram inakuwacha ufiche namba. Channels za WhatsApp, zilizokuja 2023, pia hazianiki namba za wafuasi, but huko mostly ni kusoma na kutupa emoji. Na nani anataka ufan wa kunyamaza refa akikosea? Kabla ubonyeze linki ingine, uliza admin kama grupu inaweza hamia Telegram.