Injini imeongezwa nguvu, je, breki?

Yapo mambo ambayo huzoeleka hadi macho yakaacha kuyaona. Hapa Kikima, katika vilima vya Mbooni, Kaunti ya Makueni, mojawapo ni lile gari la dizeli lililoundwa kubeba mizigo, kisha likafanyiwa marekebisho ili likimbie kuliko walivyokusudia waliolitengeneza. Linapopita kwa kishindo na moshi mweusi, watu wazima hawageuki tena. Wanaogeuka ni wanafunzi, nao hugeuka kwa kuvutiwa. Ni kwa ajili ya wanafunzi hao, na walimu wao, nimeonelea heri niandike.

Kupenda mwendo wa kasi si dhambi. Huko Marekani na kwingineko, mbio za masafa mafupi ni mchezo unaoheshimika. Magari mawili husimama sambamba, taa huwaka, nayo huchomoka kwa pamoja kuushindania umbali wa robo maili, yaani mita 402 hivi. Wapo wanaoshindana hata kwa magari ya mizigo ya dizeli. Lakini mchezo huo una uwanja wake. Una wazima moto na waganga walio tayari, na mbele ya utepe wa mwisho ipo njia ndefu iliyonyooka ya kupunguzia mwendo.

Sisi tumechukua mbio tukaacha uwanja. Kwetu mashindano ni baina ya matatu mbili zinazomgombania abiria aliyesimama kituo kinachofuata. Kwingineko nchini ni pikapu iliyosheheni miraa ya Meru, ikikimbizana na saa ili mzigo ufike Nairobi kabla haujanyauka. Hakuna taa wala utepe, na wanaosimama kandokando ya njia si watazamaji bali ni watoto watokao shuleni.

Ndugu msomaji, usidhani kwamba namdharau fundi. Wengi wa mafundi wetu wa jua kali hawakubahatika kuketi katika maabara, lakini wanaifahamu injini kama mkulima anavyolifahamu shamba lake. Injini ya dizeli haina cheche ya umeme ya kuwashia mafuta. Huibana hewa kwa nguvu nyingi hata ikapata joto kali, na mafuta yanaponyunyizwa humo huwaka yenyewe. Injini ya Toyota iitwayo 3L, ambayo imeendesha vani nyingi katika barabara zetu, ina ujazo wa lita 2.8, huibana hewa zaidi ya mara 20, na hutoa nguvu za farasi takriban 90 tu. Iliundwa ivumilie mzigo na safari ndefu, haikuundwa kwa mashindano.

Mwenye kutaka zaidi ana njia mbili: aongeze mafuta au aongeze hewa. Njia rahisi ni kuirekebisha pampu ili imwage dizeli nyingi zaidi. Lakini mafuta bila hewa ya kutosha hayaungui yote, na huo moshi mweusi tunaouona ni sehemu ya dizeli ambayo haikupata hewa ya kuiunguza. Katika mwinuko wa mita 1,600 hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 15 kuliko ile ya Mombasa, kwa hiyo kosa hilo huonekana upesi zaidi vilimani kuliko pwani. Fundi mjuzi zaidi hufunga turbo, inayosukuma hewa ndani kwa nguvu. Hapo nguvu hupatikana kweli, lakini injini ambayo tayari huibana hewa kiasi hicho hulemewa. Gaskiti ya kichwa hupasuka, na pistoni huweza kuyeyuka kwa joto.

Hasara ya injini humpata mwenye gari pekee. Hasara ya breki hutupata sote, na hapa ndipo naomba mwalimu wa fizikia anisikilize. Nishati ya kitu kinachokwenda huongezeka kwa kipeo cha pili cha mwendo wake. Chukua vani yenye uzito wa kilo 2,500 pamoja na mizigo au abiria wake. Ikienda kilomita 80 kwa saa, ina nishati ya takriban kilojuli 617. Ikifikia kilomita 120 kwa saa, nishati hiyo huwa kilojuli 1,389. Mwendo umeongezeka kwa nusu, lakini kazi inayozingoja breki imekuwa zaidi ya maradufu. Nishati yote hiyo sharti igeuke joto katika vipande vichache vya chuma na bitana zake. Ikiwa gari linateremka kutoka Mbooni, mteremko nao huongeza mzigo huo. Breki zikipata joto kupita kiasi hulegea, na dereva hukanyaga asipate jibu.

Sijasikia kijana akijisifu kwamba gari fulani limefungwa breki kubwa zaidi. Sifa zote ni za injini. Tunalipa gharama ya kuongeza kasi, ile ya kusimamisha tunamwachia Mungu.

Jambo hili si geni kwa serikali. Nyingi ya matatu za abiria 14 ziliingia nchini kutoka Japani zikiwa vani za mizigo, zikawekwa viti hapa hapa. Mwaka 2003 Waziri wa Uchukuzi John Michuki alitoa kanuni zilizochapishwa kama Notisi ya Sheria Nambari 161, zikaanza kutekelezwa Februari 2004. Matatu zililazimika kufungwa kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa na mikanda ya usalama, na idadi ya abiria ikawekewa mpaka. Kwa muda nchi nzima iliona nidhamu. Kisha wajanja wakajifunza kukizima kifaa hicho kwa namna ambayo mkaguzi asingeitambua kwa macho. Mwaka 2012 ikaundwa Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama, lakini hakuna mamlaka inayoweza kumweka mkaguzi katika kila gereji.

Tukiwalaumu madereva pekee tutakuwa tumeukata mti tukaiacha mizizi. Dereva hufukuzwa na kiasi cha fedha anachotakiwa kumkabidhi mwenye gari kila jioni. Mwenye gari hufukuzwa na mkopo. Nasi abiria, tukichelewa, tunamhimiza dereva akanyage mafuta, na akifika upesi tunamsifu. Mwenda pole hajikwai, twasema midomoni, kisha twalipanda lile gari liendalo kasi.

Je, kipaji cha vijana wetu kizikwe? La, hasha. Mwaka 1965 Joginder Singh, Mkenya aliyekulia katika karakana ya baba yake, alishinda mashindano ya magari ya Safari pamoja na ndugu yake Jaswant. Gari lao lilikuwa Volvo PV544 iliyokwisha kutumika katika mashindano ya mwaka uliotangulia. Alishinda tena 1974 na 1976. Ukakamavu wa gari zima, toka injini hadi usukani na breki, ndio uliomfikisha mwisho wa safari, katika mashindano ambayo magari mengi hayakuwahi kuumaliza mwendo. Huo ndio ufundi ninaotaka vijana wa Ukambani wauige.

Kwa hiyo nina maombi matatu. Kwanza, walimu wa fizikia waitoe kanuni ya nishati ubaoni, waipeleke kando ya barabara. Mwanafunzi apime kwa saa mwendo wa magari yapitayo, akiwa mbali na lami na chini ya uangalizi, kisha arudi darasani akakokotoe ni mita ngapi zinahitajika kulisimamisha kila gari. Mtaala wa umilisi unadai mafunzo ya vitendo, na somo hili halihitaji maabara ya mamilioni.

Pili, vyuo vya ufundi vya vijana, ambavyo tangu ugatuzi uanze mwaka 2013 vimo mikononi mwa kaunti, viwaalike mafundi wa jua kali wafundishe na wafundishwe. Iwe mwiko kwa fundi kuongeza nguvu za injini kabla hajaimarisha breki, magurudumu na usukani. Tatu, wapenda mbio watafutiwe mahali palipofungwa, penye waganga na wasimamizi, washindane huko.

Nawe mwanafunzi unayevutiwa na ngurumo ya injini, utakapomsikia mtu akilisifia gari lake kwa jinsi linavyochomoka, muulize swali moja tu: linahitaji mita ngapi kusimama? Asipokuwa na jibu, shuka, ungoje gari jingine.