Vipele vya shingoni visivyouma wala kuwasha

Desemba 1994, katika jimbo la Massachusetts, Marekani, Sharon Terry na mumewe Patrick walipata habari ambayo hawakuitarajia. Binti yao wa miaka saba alikuwa na vipele vidogo shingoni. Daktari wa ngozi aliwaambia ni ugonjwa adimu uitwao sudozantoma elastikamu, kwa kifupi PXE. Mdogo wake wa kiume, wa miaka mitano, naye alikuwa nao.

Wazazi wengi wangesema ni joto, au mtoto hajasugua shingo vizuri. Ndipo ugumu ulipo: mwanzoni ugonjwa huu haumsumbui mtoto, hivyo miaka hupita bila kuulizwa.

Ngozi ina nyuzi zinazoiwezesha kuvutika na kurudi, kama lastiki ya kiunoni. Kwa mwenye PXE, madini ya kalsiamu hujikusanya kwenye nyuzi hizo, zikakakamaa na kukatika. Hapo huota vipele vyenye unjano pembeni mwa shingo, kisha kwapani au kwenye mikunjo ya viwiko, na ngozi ikafanana na ya kuku aliyenyonyolewa. Kwenye ngozi nyeusi unjano huenda usionekane vizuri. Kupapasa kwa kidole husaidia.

Nyuzi kama hizo zipo pia nyuma ya jicho na kwenye kuta za mishipa ya damu. Mgonjwa akiwa mtu mzima, jicho linaweza kuvuja damu kwa ndani na kupunguza uwezo wa kuona. Miguu inaweza kuuma anapotembea, na wengine hutokwa damu tumboni.

Daktari hathibitishi kwa kutazama vipele tu. Hukata kipande kidogo cha ngozi kikapimwe maabara kuona kalsiamu, na bingwa wa macho huchunguza sehemu ya nyuma ya jicho. Siku hizi kipo pia kipimo cha vinasaba. Familia ya Terry ilichangia kupatikana kwake: mwaka 1995 wazazi hao walianzisha taasisi ya PXE International iliyokusanya damu za wagonjwa kwa ajili ya watafiti, na mwaka 2000 jeni inayohusika, ABCC6, ikatangazwa.

Mtoto huugua akirithi jeni yenye kasoro kutoka kwa baba na kwa mama, ingawa wao wenyewe kwa kawaida ni wazima. Hakuna wa kulaumiwa. Kila mtoto wao ana uwezekano wa mmoja kati ya wanne, hivyo ndugu zake nao wapimwe.

Dawa ya kuuponya haijapatikana, lakini kujua mapema kunasaidia. Mtoto huepushwa na ndondi na michezo ya kugongana vichwa, hafiki kuvuta sigara, na hapewi aspirini bila ushauri wa daktari. Macho hupimwa mara kwa mara, na yakianza kuvuja damu, sindano maalumu za jicho zinaweza kuokoa uwezo wa kuona.

Vipele vingi vya shingoni ni joto au fangasi, na huisha kwa matibabu. Vinavyobaki miezi mingi, haviwashi na vinaendelea kuongezeka, vinahitaji macho ya daktari wa ngozi, hata kama mtoto anacheza na kula vizuri.