Ada Iliyolala Sandukuni



Wasomaji wetu wa Geita hawajaisahau Operesheni Kimbunga ya mwaka 2013, iliyowaondoa katika mikoa ya Geita, Kagera na Kigoma watu wengi wenye asili ya Rwanda, Burundi na Uganda. Hadi leo twaulizwa: mume akipewa notisi ya kuondoka nchini, familia ifanye nini?

Njia ipo. Uamuzi wa uhamiaji waweza kupelekwa Mahakama Kuu, ambayo masjala yake ipo hapa hapa Shinyanga, ili iangaliwe kama sheria ilifuatwa. Kwanza huombwa ruhusa ya kufungua shauri, na kwa kanuni za mwaka 2014 ruhusa hiyo huombwa ndani ya miezi 6 tangu uamuzi kutolewa. Ikipatikana, zabaki siku 14 za kuleta maombi yenyewe.

Hapo ndipo sisi wenyewe tulipoteleza. Mama mmoja wa msikiti wetu alituletea notisi ya mumewe mapema kabisa. Kamati ikachangisha Ijumaa hadi Ijumaa, ikikusudia kulipa ada ya mahakama na ujira wa wakili kwa pamoja. Nyaraka zikapelekwa zikiwa zimesalia siku tatu, nasi tukaona tumewahi. Namba ya malipo ilitolewa, lakini mweka hazina alikuwa mazikoni Kahama, na fedha zikalala sandukuni siku tano.

Hatukujua kwamba Mahakama ya Rufani, katika uamuzi wa mwaka 1992, ilikwisha kueleza kuwa tarehe ya kufungua maombi ni ile ya kulipa ada, si ile ya nyaraka kupokelewa masjala. Siku tatu tulizojivunia zikageuka siku mbili za kuchelewa. Kuomba kuongezewa muda kunawezekana, ila kila siku iliyopotea sharti itolewe sababu. Nani apendaye kuandika katika hati ya kiapo kwamba ufunguo ulikuwa mfukoni mwa mtu mmoja? Tumeandika. Twasubiri, na mume yuko ng'ambo ya mpaka, akiwapigia wanawe simu baada ya Isha.

Kamati sasa imetenga fungu la ada peke yake, na funguo ni mbili. (Imamu, alipoulizwa kuhusu zaka, alijibu kuwa masikini hupewa mkononi, naye akalipia haja yake.) Mwenye notisi nyumbani aje nayo baada ya Alasiri yoyote, hata kama hana senti.