Wasio na Kazi katika Ulaya

Mwaka 2013 ilihesabiwa ya kuwa katika Hispania watu kama 26 kwa mia hawana kazi, katika Ugiriki kama 27, lakini katika Ujerumani 5 tu. Wengi husoma hesabu hiyo bila kuuliza: ni mia ya nani?

Si mia ya watu wote. Huhesabiwa walio kazini na wanaotafuta kazi, basi. Aliyepata kazi ya malipo saa moja tu katika juma huandikwa kuwa anayo kazi. Na baba aliyechoka kubisha milango, akakaa majuma manne bila kutafuta, hufutwa katika hesabu. Njaa ya watoto wake haifutwi.

Mwaka ule ule vijana wa Hispania walitajwa kupita 50 kwa mia. Watu wakadhani nusu ya vijana wanazurura njiani. Sivyo: wanafunzi wasiotafuta kazi hawakutiwa katika mia ile. Ukiwahesabu vijana wote, asiye na kazi alikuwa kama mmoja katika kila watano, nao ni wengi mno. Katika Ujerumani vijana wengi hujifunza ufundi huku wakilipwa na bwana wa kazi. Hao huandikwa kuwa wafanyakazi.