Simu Peke Yake Haimlei Mtoto Mwenye Usonji

Korona ilipoingia nchini mwezi Machi 2020, Serikali ilifunga shule, na shule za msingi zikakaa kimya hadi tarehe 29 Juni. Kwa watoto wengi hiyo ilikuwa likizo ndefu. Kwa mtoto mwenye usonji ilikuwa jambo jingine. Usonji si wazimu wala si uchawi, kama wasemavyo majirani wasiojua. Ni hali ya kuzaliwa nayo. Mtoto huyo hushikilia utaratibu wake kama avukaye mto ashikavyo kamba: saa ile ile, njia ile ile, mwalimu yule yule. Kamba ikikatika ghafula hofu humjaa, hujipiga, na pengine hupoteza hata maneno machache aliyokwisha kujifunza.

Mwezi Aprili mgodi wa almasi wa Mwadui, jirani na Songwa, nao ukasimama kwa kuanguka bei ya almasi. Nyumba zikawa na wasiwasi wa maradhi na wa riziki kwa pamoja.

Uingereza na Marekani washauri wa afya ya akili walihamia kwenye simu za picha. Wapo watu wazima wenye usonji waliofurahi: hakuna basi la kelele, hakuna chumba kigeni chenye taa kali, na aliyeshindwa kutamka aliandika. Wengine picha zile ziliwachosha tu.

Je, Songwa? Tusidanganyane. Simu ya picha yataka bando, na bando yataka fedha. Wataalamu nao wengi wamo mijini, kama Dar es Salaam, au Dodoma penye Hospitali ya Mirembe. Lakini simu ndogo ya sauti yatosha, mradi mshauri azungumze na mama. Amwulize: mtoto alilala saa ngapi? Nini kilimtisha? Kisha wakubaliane jambo moja dogo la kujaribu hadi juma lijalo: kumchorea ukutani kazi za siku, au kumwachia barakoa aichezee kabla ya kumvika. Shirika la Afya Duniani lina mafunzo ya walezi ya namna hii, na hata asiye daktari aweza kuyaendesha.

Kwa hiyo twaona si haki njia hii ihesabiwe kuwa ni ya siku za korona tu. Mama wa Songwa aende kwa mtaalamu mara moja, mtoto aonwe ana kwa ana. Yaliyobaki yafuatwe kwa simu, akisaidiwa na mhudumu wa afya wa kata aliyefundishwa. Gharama ya simu hizo ilipwe na halmashauri, isitoke katika fedha ya unga.