Pikapu ikivutwa vibaya, mtaji ndio unaoumia

WENYE pikapu ndogo za mizigo katika Kinondoni na Temeke wamezoea kupiga hesabu ya mafuta, matairi na posho ya dereva. Hesabu moja huachwa nje, nayo ndiyo hukausha mtaji: namna gari linavyovutwa likiharibika njiani.

Hali yenyewe inajulikana. Suzuki Carry, ambayo wakazi wa jiji wameibatiza kirikuu, inazimika Mbagala ikiwa na matenga ya nyanya ya kupeleka soko la Temeke Stereo. Gari la kubebea magari lina bei yake na dereva hana fedha hiyo. Inatafutwa kamba, inafungwa kwenye Canter ya msamaria, na safari ya gereji inaanza magurudumu yote manne yakiwa chini. Mwenye mali akiambiwa, anafurahi kwamba ameokoa fedha.

Furaha hiyo ni ya mapema. Injini imezimwa, lakini magurudumu ya nyuma yanazungusha propela shafti, nayo inazungusha vyuma vya gia boksi. Katika gari la otomatiki, pampu ya mafuta ya gia boksi huendeshwa na injini. Injini ikilala, vyuma vinasagana vikavu. Gari la gia za mkono lina nafuu, ila si kila gia boksi hujilainisha injini ikiwa imezimwa. Hivyo kosa la waya mmoja, ambalo fundi angelimaliza kwa saa moja, linageuka kuwa ununuzi wa gia boksi la mtumba na gari kulala gereji wiki nzima. Wateja wa nyanya hawasubiri wiki nzima.

Fundi anayejua kazi hufungua kwanza bolti za propela shafti upande wa difu na kuifunga isiburute. Ni kazi ya spana moja, lakini madereva wengi huiona usumbufu.

Huko Marekani, wastaafu wanaosafiri kwa magari-nyumba huvuta pikapu au gari dogo nyuma yao maelfu ya kilomita, magurudumu yote yakiwa chini. Hawatumii kamba. Hutumia chuma kigumu kilichofungwa kwenye chesisi, huunganisha taa, na wengi huongeza breki kwa gari linalovutwa. Zaidi ya hayo, husoma kitabu cha gari kuona kama mtengenezaji anaruhusu livutwe hivyo, na huuliza hilo kabla ya kulipa. Mnunuzi wa Dar es Salaam huuliza rangi na redio.

Kamba ina hasara nyingine. Injini ikizimwa, msaada wa breki hupotea baada ya kukanyaga mara chache na pedali huwa ngumu. Ufunguo ukichomolewa, usukani hujifunga. Katika foleni ya barabara ya Kilwa, gari la mbele likisimama ghafla, lile la nyuma halina namna. Mwenye bima ndogo akumbuke kwamba bima hiyo hulipa madhara ya watu wengine, si bodi lake lililobonyea.

Mzigo nao ushushwe kwanza. Pikapu za daraja hilo huko Japani huruhusiwa kubeba kilo 350. Za hapa hubeba kadiri matenga yanavyopangika.

Wenye pikapu wanaoegesha kijiwe kimoja, iwe Tandale au Tandika, wanaweza kuchangia chuma kimoja cha kuvutia badala ya kila mmoja kuhangaika na kamba. Mchomeleaji yeyote mzuri anaweza kukiunda, mradi kifungwe kwenye chesisi na si kwenye bampa. Kwa watu watano au sita, mchango wa kila mmoja hauwezi kulingana na bei ya gia boksi, hata lile la mtumba ambalo muuzaji wake hajui lilitoka kwenye gari gani.