Mizani Isiyojua Kosa Lake

Mwanafunzi wa sayansi aingiapo maabara kwa mara ya kwanza hufundishwa adabu moja kabla ya nyingine zote: asidai kujua zaidi ya kile ambacho chombo chake chaweza kumwambia. Rula iliyogawanywa kwa milimita haiwezi kutoa habari za sehemu ya elfu ya milimita, na mizani haiaminiwi mpaka kosa lake lijulikane. Aandikaye tarakimu nyingi kupita uwezo wa chombo hukatwa alama, na hukatwa kwa haki. Lakini mwanafunzi huyo huyo, miaka mitatu ikiisha, hupimwa yeye mwenyewe kwa mizani ambayo kosa lake halikutajwa popote, na tarakimu inayotoka humo humfuata maisha yake yote. Mganga hajigangi. Jambo hili ndilo nitakalo kuliteta.

Kwanza tuieleze kanuni yenyewe. Katika vyuo vikuu vingi vya Tanzania, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikiwa miongoni mwao, alama 70 hata 100 huitwa A na hupewa pointi 5. 60 hata 69 ni B+ na pointi 4. 50 hata 59 ni B na pointi 3. 40 hata 49 ni C na pointi 2. D ina pointi 1, na E haina kitu. Pointi za kila somo huzidishwa kwa uzito wa somo, hujumlishwa, kisha hugawanywa kwa jumla ya uzito wa masomo yote. Wastani wa 4.4 na zaidi ni daraja la kwanza, 3.5 hata 4.3 ni daraja la pili la juu, 2.7 hata 3.4 ni la pili la chini, 2.0 hata 2.6 ni kupita tu.

Kanuni hii ina sura ya hisabati, lakini haina tabia yake. Natuchukue wanafunzi wawili wenye masomo yale yale, yenye uzito ulio sawa. Wa kwanza amepata 69 katika kila somo. Wa pili amepata 70 katika nusu ya masomo na 60 katika nusu iliyobaki. Wastani wa alama wa yule wa kwanza ni 69. Wa huyu wa pili ni 65. Nani aliye bora? Mtoto wa shule ya msingi aweza kujibu. Lakini kanuni humpa wa kwanza pointi 4.0, akawa wa daraja la pili, na wa pili humpa 4.5, akavishwa taji la daraja la kwanza. Aliyejua zaidi ameshindwa na aliyejua kidogo, wala hapana aliyeiba wala aliyependelewa. Dhuluma imetendwa na hesabu.

Asili ya kosa ni dhahiri. Alama ya mtihani hugeuzwa kuwa herufi, na herufi hugeuzwa kuwa pointi. Katika mageuzi hayo 60 na 69 huwa ndugu pacha, lakini 69 na 70 huwa wageni wasiojuana. Kisha wastani hukatwa baada ya tarakimu moja ya desimali bila ya kukadiriwa kwenda juu. Katika shahada yenye krediti 360, mtu huhitaji pointi 1260 ili afikie 3.5. Mwenye pointi 1258 ana wastani wa 3.49, ambao mwalimu yeyote wa fizikia angeuandika 3.5, lakini cheti chake huhesabiwa kwa 3.4, naye hushuka daraja zima. Lau angalipata 70 badala ya 69 katika somo moja tu la krediti 8, angalivuka. Na nani atakayeapa ya kwamba karatasi hiyo ya 69, ikisahihishwa na mwalimu mwingine, au na mwalimu yule yule asubuhi badala ya usiku, isingeweza kupata 70?

Liko na jambo la pili, nalo ni zito kuliko la kwanza. Aliyeshindwa somo hupewa mtihani wa marudio, ambao vijana huuita sapu. Akifaulu, hata kama amepata 85, huandikiwa C. Wahenga walisema kuteleza si kuanguka. Kanuni yasema kuteleza ni kuanguka, na alama ya anguko haitafutika. Kijana aliyetoka shule isiyokuwa na maabara, ambaye bureti ya kwanza maishani mwake aliishika chuoni, aweza kujikwaa katika kemia ya mwaka wa kwanza, akaamka, akaimudu kuliko wenziwe. Karatasi yake haitasema hivyo. Herufi hiyo haisemi anajua nini, yasema alichelewa kujua. Sayansi haijali saa ya kujua. Hujali ukweli wa kile kinachojulikana.

Wako watakaosema: ukilegeza kanuni utafungua mlango wa upendeleo, na taifa halitaki mkemia wa kubahatisha. Hoja hii ni ya haki katika nusu yake. Mtihani na uwe mgumu. Asiyejua na ashindwe. Na ambaye wastani wake umeshuka chini ya kiwango cha kubaki chuoni aondoke, ijapokuwa kudisko ni neno chungu. Hatuombi huruma hata chembe. Twadai usahihi. Kanuni isiyopendelea mtu ni njema, lakini saa iliyosimama nayo haipendelei mtu.

Wala lisidhaniwe kuwa jambo dogo la kujisifu kwa vyeti. Nafasi ya chini kabisa ya ualimu wa chuo kikuu hutaka wastani wa 3.8. Hivyo sehemu ya kumi ya pointi huamua nani atafundisha kizazi kijacho cha wanasayansi na nani atazunguka mjini na bahasha.

Kanuni hizi hazikushuka kutoka mbinguni. Majina ya madaraja tuliyarithi kwa Waingereza, chuo cha Dar es Salaam kilipofunguliwa mwaka 1961 chini ya uhusiano na Chuo Kikuu cha London. Kitivo cha Sayansi kilifuata mwaka 1965, na mwaka 1970 chuo kikawa chuo kikuu kamili chenye uwezo wa kujiamulia. Kilichoandikwa na seneti chaweza kufutwa na seneti.

Basi na yafanywe matatu. Wastani uhesabiwe kwa alama zenyewe, si kwa herufi. Alama ya marudio iandikwe kama ilivyopatikana, ikiwa na maelezo ya kuwa ni ya marudio, ili asomaye ahukumu mwenyewe. Na aliye karibu na mpaka wa daraja atazamwe upya kazi zake za mwaka wa mwisho kabla ya kutiwa muhuri. Haya hayahitaji fedha wala jengo. Yahitaji tu walimu wa sayansi waupime ubongo wa mwanafunzi kwa uangalifu ule ule wanaomlazimisha autumie kupima urefu wa waya.